Mulan wa Sehemu ya Pili Ni Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, juma lililopita niliwawekea binti zangu wawili filamu ya katuni ya Mulan, na kwa kuwa waliipenda mno, kesho yake nikawawekea sehemu ya pili. Yule mkubwa, mwenye miaka tisa, alitazama kimya hadi mwisho, kisha akaniuliza kama huyo alikuwa Mulan mwingine. Nilikosa jibu, ingawa na mimi nilihisi kuna jambo halikukaa sawa. Je, mhusika amebadilishwa kweli, au ni macho yetu? (Mama wa Wawili, Morogoro)

JIBU: Dada yetu, binti yako ameona vizuri. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1998 kwa ajili ya majumba ya sinema, ilhali ya pili, ya mwaka 2004, ilitengenezwa na DisneyToon Studios kwa ajili ya kuuzwa moja kwa moja kwa watazamaji wa nyumbani. Michoro ilipungua ubora, na hata Eddie Murphy, aliyempa sauti joka Mushu, hakurudi. Hayo ningeyavumilia.

Nisiloweza kulivumilia ni alivyofanywa Mulan mwenyewe. Kumbuka usiku ule wa mvua katika filamu ya kwanza: anachukua wito wa jeshi uliomwangukia baba yake mgonjwa, mahali pake anaacha kitana chake, anakata nywele kwa upanga wa baba, anavaa deraya na kuondoka bila kuaga, akijifanya mwanamume. Kambini anatakiwa kupanda mlingoti akiwa na vyuma viwili vizito mikononi, kazi iliyowashinda wanaume wote, na yeye anavizungusha nyuma ya mlingoti vikakazana, vikawa ndiyo kamba yake ya kukwelea. Huyo ni mtu anayepima kwanza, akatenda, na gharama akaibeba mwenyewe.

Katika sehemu ya pili, Kaizari anamtuma yeye na mchumba wake Shang wawasindikize mabinti zake watatu wakaolewe katika ufalme wa Qui Gong, ili China ipate mshirika dhidi ya Wamongolia. Njiani Mulan anawahimiza mabinti hao wafuate mioyo yao, pasipo kujiuliza ni nani atakayezuia vita ndoa zisipofungwa. Sina ugomvi na hoja kwamba binti asiozwe kwa mtu asiyemjua; hata huku kwetu ni hoja ya kusimamia. Ila Mulan tuliyemjua angeumiza kichwa hadi apate njia ya kuwaokoa mabinti na nchi kwa pamoja, kwa sababu kwake moyo na wajibu havikuwa vitu viwili: moyo wake ndio uliompeleka vitani.

Ni kweli kwamba karibu na mwisho, akidhani Shang amefia korongoni, anajitoa aolewe yeye badala ya mabinti wale, na kwa dakika chache yule wa zamani anarudi. Lakini hata hapo hapewi nafasi ya kulitatua jambo. Mushu, ambaye safari nzima amekuwa akiwafitinisha wachumba hao kwa kuogopa kupoteza cheo chake mbele ya mizimu ya ukoo, anaingia ndani ya sanamu, anajifanya mungu, anatoa amri, na mambo yanaisha. Shujaa mzima anaokolewa na ujanja wa mchekeshaji!

Ukitaka kumjibu mtoto, msimulie shairi la kale la Kichina alikotoka Mulan. Humo anapewa cheo na Kaizari, anakikataa, anaomba usafiri wa kurudi kwao tu. Akifika anavua mavazi ya vita, anavaa nguo zake za zamani na kutoka nje, na wenzake waliosafiri naye miaka 12 wanapigwa na butwaa kugundua kuwa ni mwanamke. Filamu ya kwanza iliishia karibu na hapo, baba akiuacha uanguke chini upanga wa adui aliokabidhiwa, amkumbatie binti yake. Wawekee tena hiyo, na ikifika hapo, izime.