Uliza Fundi Picha: Mshale uko sifuri, mbona gauni jeupe linatoka kijivu?

SWALI: Habari fundi. Napiga picha za harusi na kamera ya dijitali. Bibi harusi akijaa kwenye fremu gauni lake jeupe linatoka kijivukijivu, halafu bwana harusi nikimpiga peke yake suti nyeusi inatoka imepauka. Mita ya mwanga ya kamera inaonyesha mshale uko sifuri kabisa, yaani eksposha (kiasi cha mwanga unaoingia kwenye picha) iko sawa. Kamera ina shida au mimi?

JIBU: Kamera yako nzima, shida ni kuuamini huo mshale. Sijui nani alianza kufundisha watu kwamba sifuri ndo sahihi, maana mita iliyo ndani ya kamera inapima tu mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu ulichokielekezea, haijui kama ni gauni, suti au ukuta, kwa hiyo imewekwa idhani kila kitu ni cha kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye weupe mwingi inaona mwanga umezidi, inapunguza, gauni linakuwa kijivu. Weusi nao inaona giza, inaongeza, suti inapauka. Kwahiyo kwa hesabu zake haijakosea, ila haijui unapiga nini, na wewe unajua.

Tumia kile kitufe cha + na −. Gauni likijaa fremu ongeza stopu 1 mpaka moja na nusu, suti nyeusi punguza kama 1. Stopu moja ni mwanga kuwa mara mbili au nusu, mfano shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu ya sekunde) kutoka 1/250 kwenda 1/125, au apacha (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) kutoka f/8 kwenda f/5.6, au ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100 kwenda 200. Sio namba za msahafu hizo, kamera za kisasa zikipima fremu nzima huwa zinajaribu kubahatisha zenyewe, siku nyingine zinapatia, ndo maana tatizo linakuja na kuondoka.

Wakisimama wote wawili mi nakushauri usipime nguo kabisa, pima mwanga unaowaangukia. Huna mita ya mkononi? Tumia kiganja. Weka kamera kwenye kupima nukta (mita isome sehemu ndogo tu ya fremu), elekeza kwenye kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule waliosimamia wao, halafu ongeza stopu 1, maana viganja vya watu wengi vina mng'ao wa kama stopu moja juu ya kile kijivu, na uzuri wake havitofautiani sana hata kama ngozi ya uso ni nyeusi tii au maji ya kunde. Ukipima uso mweusi moja kwa moja na ukauacha kwenye sifuri, kamera itaupausha, na hilo naliona kila siku kwenye picha za watu wanaojiita maprofesheno. Kinyume chake uso huohuo ukiwa mbele ya dirisha lenye jua unatoka giza tupu kwa sababu mita imelisikiliza dirisha, hapo sasa ndo unaongeza.

SWALI: Mimi nimetoka dijitali nimehamia filamu nyeusi na nyeupe, ISO 400. Nilizoea kupunguza mwanga kidogo ili mawingu yasiungue, nikafanya hivyohivyo kwenye filamu, negativi (filamu iliyosafishwa, palipopata mwanga panakuwa peusi) zimerudi nyepesi sana na kwenye vivuli hamna kitu. Ni waliosafisha ndo wameharibu?

JIBU: Usiwalaumu kwanza. Angalia namba zilizoandikwa pembeni ya mkanda, zikiwa nyeusi vizuri basi usafishaji ulikuwa sawa, ni wewe uliyeinyima filamu mwanga. Sensa ya dijitali ni kama ndoo, ikijaa imejaa, kinachozidi kinamwagika na hukirudishi hata ufanyeje, lakini vivuli unaweza kuvivuta baadaye hasa ukipiga RAW (faili ghafi la sensa), ingawa ukivivuta sana chengachenga zinajaa. Negativi ni kinyume. Pale mwanga usipofika vya kutosha hakuna fedha (yale madini yanayofanya weusi wa negativi) inayobaki kwenye filamu, patakuwa wazi tu, na huwezi kuskani kitu ambacho hakipo. Upande wa mwanga mwingi ndo ina uvumilivu, stopu 2 zaidi bado unapata picha nzuri tu. Kwa hiyo dijitali linda weupe, negativi linda vivuli: pima kwenye kivuli unachotaka kionekane, halafu punguza stopu 2 kutoka pale, maana hutaki kivuli kiwe kijivu cha katikati. Wengi wavivu kama mimi tunaweka tu kamera ISO 200 kwa filamu ya 400 na tunasafisha kawaida, inatosha. Ila filamu ya slaidi (ile inayotoa picha halisi badala ya negativi) usiifanyie hivyo, yenyewe haisamehi kabisa, ikizidi hata stopu moja weupe umekwenda.

SWALI: Kwenye skrini ya kamera picha inang'aa vizuri, kwenye kompyuta giza. Kwa nini?

JIBU: Mwanga wa skrini yako umepandishwa, au ulikuwa unaiangalia gizani. Angalia histogramu (ile grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia) badala ya picha, na ujue histogramu hiyo inatokana na JPEG, picha ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe, hata kama unapiga RAW, kwa hiyo ikigusa ukuta wa kulia kidogo usikurupuke.

SWALI: Nimerithi kamera ya filamu ya miaka ya 60, mita yake inasoma vitu vya ajabu. Naweza kuitumia bila mita?

JIBU: Sana tu. Jua kali la wazi weka f/16 na shata iliyo karibu na namba ya ISO, filamu ya 100 weka 1/125, ya 400 weka 1/500. Jua lenye utando f/11, mawingu mepesi f/8, mawingu mazito f/5.6, kivuli cha wazi f/4. Ukisita kati ya namba mbili kwenye negativi chagua yenye mwanga zaidi.

Na hiyo mita usiitupe kwanza. Nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena, watu wanaweka alkalaini ya 1.5 na mita inapotea. Jaribu betri za vifaa vya kusikilizia, zile zinazobanduliwa stika, zina kama volti 1.4, zinakaribia sana, ila ukishabandua stika zinakufa ndani ya wiki chache hata usipozitumia.