Usisaini Jumatatu: jibu kwa mwenye zahanati ya Kigamboni

Wewe uliyeandika jana kwamba umefungua zahanati Kigamboni, Jumatatu unasaini mkataba wa kutibu wanachama wa kampuni ya bima, na "mshauri" wako amekwambia chama cha hospitali na vituo binafsi, APHFTA, ni cha wakubwa wa Upanga na Masaki, wewe kitakula ada yako tu: weka kalamu chini. Salamu nitakupa mwisho nikikumbuka.

Huyo mshauri nadhani namjua. Kama siye, basi wamesoma kwa mwalimu mmoja, maana maneno ni yaleyale. Wangu alikuja kwenye zahanati yangu ya Tabata na tai, na mkoba ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Akaniambia nikipeleka rasimu ya mkataba kwenye chama, wenzangu wataona bei zangu wanizunguke. Mimi kwa tamaa zangu nikamwona mjanja, nikamlipa "ada ya ufuatiliaji". Alifuatilia hadi hela ilipoingia kwenye simu yake. Mjini hapa tunawalalamikia vishoka wa umeme na viwanja, kumbe wa mikataba ya bima ndio wamevaa vizuri zaidi.

Nikasaini. Ukurasa wa bei niliusoma mpaka nikaukariri: kumwona daktari shilingi ngapi, kipimo cha damu cha full blood picture shilingi ngapi. Kurasa za nyuma, zile za maandishi madogo, nilizipitia kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka sahihi. Na ndiko nilikochinjiwa.

Kulikuwa na kifungu kinasema pingamizi lolote la makato, yaani hela wanazopunguza kwenye madai yako ya matibabu, liwasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea taarifa ya malipo, la sivyo makato yanahesabiwa yamekubaliwa. Kingine kinasema kampuni inaweza kubadili bei za dawa kwa barua pepe, na ukiendelea kuwahudumia wanachama wao, umekubali. Cha tatu kinataka notisi ya siku 90 ukitaka kujitoa, na siku hizo zote unaendelea kutibu. Soma hivyo vitatu kwa pamoja. Wanakukata, ukichelewa kuandika umekubali, wakishusha bei umekubali, ukitaka kuondoka unatibu kwa bei ileile uliyoikimbia.

Makato yakaanza. Sahihi ya mgonjwa haipo. Kipimo hakikuombewa kibali. Ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa. Mengine walikuwa na haki, nisijitakase: kipimo cha haraka cha malaria kimeandikwa hasi, halafu kijana wangu kampa mgonjwa dawa mseto na kuidai. Hapo hata mimi ningekata. Lakini mengi yalikuwa ya kutetewa kabisa, na vielelezo vilikuwa kwenye mafaili yangu mwenyewe, kabatini, vinakula vumbi.

Sikuandika barua hata moja. Nilipiga simu. Afisa wao alikuwa mtu mchangamfu mno, "usijali bosi wangu, tunalishughulikia," na mimi nikawa sijali kweli. Taarifa ya malipo inaingia, napiga simu, nachekeshwa, siku 14 zinapita. Nilipokuja kushtuka, muuza dawa wa Kariakoo amenifungia mkopo, wauguzi wanadai mishahara, na mashine ya ultrasaundi nimeiuza kwa hasara ambayo mke wangu mpaka leo sijamwambia. (Shemeji zangu mliomo humu, nyamazeni.)

Ndipo nikakumbuka kuna chama. Dada wa sekretarieti alinisikiliza, akausoma mkataba kwa utulivu, akauliza, "Kaka, barua zako za pingamizi ziko wapi?" Nikamwonyesha simu. Akanieleza kwa heshima kwamba kifungu cha siku 14 wanaweza kukipeleka kwa kampuni za bima kama kero ya wanachama wote. Zile hela zangu za nyuma, ambazo nimezikubali kwa sahihi yangu mwenyewe, hawana pa kuzishikia. Nilimkasirikia siku ile. Baadaye nikaona nilikuwa namtaka mwanasheria wa miujiza.

Hapo ndipo mshauri wako anapokupotosha. Chama kina nguvu kwenye jambo la wengi, na kabla halijafungwa. Kumbuka kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei zake, cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kilichokuwa kianze Januari 2024, kikasogezwa, kikaanza Machi 1. APHFTA ndio waliosimama kuwasemea watoa huduma binafsi kuhusu bei, na hospitali kadhaa zikasitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo. Sisemi walipata kila walichotaka, na wagonjwa waliumia siku zile, tusipambe. Ila waliitwa mezani na serikali. Wewe ukisitisha huduma peke yako hapo Kigamboni, majirani watadhani umekwenda msibani.

Na mezani hakuna anayejibu kilio cha "inatuumiza". Wanataka dawa hii umeinunua shilingi ngapi, kutoka kwa nani, risiti iko wapi. Hizo namba zinatoka kwetu, zahanati ndogo tukiwamo. Ndiyo maana nacheka mtu anaposema chama kinakula ada bure wakati hajawahi kukipelekea hata ankara moja. Mswada wa bima ya afya kwa wote, uliopitishwa na Bunge mwaka 2023, ulipita kwenye kamati zinazosikiliza wadau. Mdau asiye na chama anasikilizwa na nani? Na sisi binafsi tuna sababu ya kuwa macho: mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi za biashara, mpaka 1991 ndipo mlango ukafunguliwa tena. Wazee waliofungiwa wapo, waulize.

Kama zahanati yako iko chini ya kanisa, mlango wako ni CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii, iliyopo tangu 1992 na ina ofisi za kanda. Habari ni ileile: karatasi iende kwao kabla ya sahihi.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Iandikie kampuni kwamba unahitaji muda wa kupitia rasimu. Wakikwambia nafasi itachukuliwa, waache, watu wa Kigamboni hawatahamia Bagamoyo. Peleka rasimu sekretarieti, waulize wanachama wengine wamefanikiwa kubadili vifungu gani. Komaa na siku za pingamizi, angalau zifike 30, na bei isibadilike bila sahihi yako. Mteue mtu mmoja, kazi yake taarifa ya malipo ikiingia ni kuandika barua na kutunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Simu za "bosi wangu" muachie mlinzi azipokee.

Uliuliza pia mafunzo ya wauguzi, mikopo ya vifaa, na ada ni kiasi gani. Wengine watakujibu, mimi nikianza kuandika mkono unarudi kwenye siku 14.

Habari za asubuhi, lakini. Hebu weka hapa picha ya ukurasa wa makato na wa kuvunja mkataba, funika jina la kampuni na bei. Nipo mpaka saa nne usiku, nitausoma.