Mafundi Wajibu: Mzinga wa Jukwaani Unaofyatuka Ovyo

SWALI: Tunaandaa igizo la vita vya Abushiri vya mwaka 1888. Mzinga wetu ni wa upepo: mtungi wa lita 3, valvu ya umeme ya volti 12, na mtutu tunaoujaza vipande vya karatasi. Unatakiwa ulie ngoma kubwa inapopigwa dundo la mwisho. Tumefunga kibao kidogo chenye maiki na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Watazamaji wakipiga makofi, unafyatuka. Ngoma ikilia, pengine relei inatoa mlio tu na valvu haifunguki. Tufanyeje?
Kikundi cha maigizo, Bagamoyo

JIBU: Kibao hicho hakitambui ngoma. Kinapima ukubwa wa sauti tu, na kofi la karibu linaishinda ngoma iliyo mbali. Mkipunguza usikivu kwa ile skrubu ya kibaoni, mtaikosa na ngoma yenyewe. Acheni maiki.

Tafuteni kisahani cha piezo (kinachogeuza mtikiso kuwa umeme) cha milimita 27, kama kile cha kwenye saa za kengele. Kibandikeni kwa epoksi kwenye mti wa ngoma, sentimita chache chini ya ukingo. Kwenye ngozi kitabanduka. Sambamba nacho wekeni rezista ya megaomu 1 na dayodi ya zena ya volti 5.1, maana pigo kali huzalisha volti za kuunguza pini ya Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachotiwa programu. Kisha pitisheni waya kwenye rezista ya kiloomu 10 hadi pini A0 ya Arduino.

Programu ya kwanza ionyeshe namba tu, 0 hadi 1023. Pigeni ngoma, pigeni makofi, rukeni jukwaani, mkiandika kila namba. Kiwango cha kufyatulia kikae juu ya kelele kubwa kuliko zote na chini ya dundo dhaifu. Fanyeni hivyo baada ya kuipasha ngoma moto, kwa sababu unyevu wa pwani hulegeza ngozi na namba za mchana hazitafanana na za usiku. Piezo yenyewe isikaribie moto.

Kuhusu relei kulia bila valvu kufunguka: kibao cha maiki hutoa mshtuo mfupi mno. Relei inaweza kuuwahi, lakini valvu inahitaji muda zaidi. Sasa relei iendeshwe na Arduino: programu iishikilie milisekunde 300, kisha ipuuze kila kitu kwa sekunde 5, la sivyo kishindo cha mzinga kitaufyatua tena. Kwenye koili ya valvu wekeni dayodi 1N4007, mstari wake upande wa chanya. Bila hiyo, umeme unaorudi koili inapokatwa utazimisha Arduino na kula midomo ya relei. Valvu ipate betri yake.

Ila ngoma haijui dundo lipi ni la mwisho. Kwa hiyo waya wa valvu upite kwenye kitufe cha kushikilia, kwa mtu anayeuona mtutu. Akiachia, hakuna mlio hata programu ikipagawa. Tusingeruhusu onyesho bila kitufe hicho.

Hamkusema mtungi ni wa chuma au wa plastiki. Kama ni bomba la plastiki la maji, utupeni leo: likipasuka kwa upepo hurusha vigae. Tumieni mtungi wa chuma wa breki za lori au wa kompresa, usio na kutu, wenye valvu ya usalama. Upepo wa psi 30 kwenye geji unatosha. Karatasi tu, na mbele ya mtutu asisimame mtu. Msitie unga eti uonekane moshi. Vumbi la unga likikuta mwenge huwaka.

SWALI: Kwetu ngoma ni ya kurekodi. Piezo tuiweke wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hamuihitaji. Katika rekodi ya stereo, wekeni ngoma zote upande wa kushoto, uende kwenye spika. Upande wa kulia uwe kimya, isipokuwa mlio mmoja wa hezi 1000 pale penye dundo la mwisho. Huo upitishwe kwenye amplifaya ndogo, dayodi na kapasita ya mikrofaradi 1 yenye rezista ya kiloomu 100 sambamba nayo, kisha kwenye pini kwa zena ileile. Kitufe cha kushikilia kinabaki palepale.