Maji kichwani: mpira au kutoboa kwa kamera? Jibu kwa dada wa Koboko

Dada, umeuliza mambo matatu. Mtoto wako wa miezi minne ana maji kichwani na hospitali ya Mbale wamesema watatoboa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera, bila kuweka mpira (yaani shunti, mrija wa kuyatoa maji kichwani): je, wanabana mpira kwa sababu ya gharama? Utajuaje nyumbani kama imefaulu? Na je, vidonge vya kupunguza maji visingetosha? Waliotangulia kukujibu wamekwambia udai mpira, ati ndiyo tiba kamili. Hapo sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni barabara ya kutoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hadi Mbale, mashariki.

Kuhusu gharama, ondoa wasiwasi. Hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale ililinganisha shunti ya Chhabra, ya bei nafuu kutoka India, na nyingine ya bei kubwa mara nyingi zaidi. Baada ya mwaka mmoja watoto hawakutofautiana. Mpira wenyewe si tatizo. Tatizo ni kuishi nao.

Shunti ina vipande vitatu: mrija unaoingia kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, vali inayozuia maji yasitoke kwa kasi wala kurudi, na mrija mrefu unaopita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani hadi tumboni, ambako mwili huyanyonya. Daktari huacha urefu wa ziada tumboni ili mtoto akikua usivutike. Hitilafu zake zinajulikana. Ncha ya juu huzibwa na tishu za ubongo, protini au damu. Bakteria wa ngozi huingia siku ya upasuaji, na maambukizi hayo kwa kawaida hujitokeza miezi michache ya mwanzo. Vipande huachana, au mtoto hurefuka mrija ukabaki mfupi. Watoto wengi wenye shunti hurudi thieta angalau mara moja, na ikiziba kwa mtoto ambaye utosi umeshafunga, anaweza kufa kabla familia haijapata nauli.

Ndiyo maana Dkt. Benjamin Warf, alipofanya kazi Mbale miaka ya 2000, aliunganisha njia mbili kuwa upasuaji mmoja. Kamera nyembamba inayopindika huingizwa kupitia utosi hadi chumba cha tatu cha ubongo, na sakafu yake hutobolewa ili maji yapate njia mpya. Hapo mkono hautakiwi kuteleza, maana mshipa mkuu wa damu uko chini yake tu. Kisha, kwa kamera hiyohiyo, huchomwa vishada vya mishipa vinavyotengeneza sehemu kubwa ya maji hayo, upande wa kulia na wa kushoto. Kutoboa peke yake kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja kulifaulu kwa asilimia 47. Pamoja na kuchoma, asilimia 66.

Msikilize pia anayetetea mpira, maana ana hoja. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto 100 wa Mbale, wote chini ya miezi sita, ambao maji yao yalitokana na maambukizi. Ndani ya mwaka mmoja, matibabu yalishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na asilimia 24 ya waliowekewa mpira. Ukuaji wa akili haukutofautiana. Lakini angalia wakati wa kushindwa: kutoboa kukishindwa, kwa kawaida hushindwa ndani ya miezi sita ya kwanza, utosi ukiwa bado wazi na kichwa kikitoa ishara mapema. Mpira unaweza kuziba mwaka wowote, hata mtoto akiwa darasani. Kwa anayeishi Mbale mjini ningesema uamuzi ni mgumu. Kwa anayepitia Arua, Pakwach, Karuma, Lira na Soroti kabla ya kuifika hospitali hiyo, mimi naanza na kutoboa.

Si kila mtoto anafaa. Kama alikuwa na homa kali au degedege mwezi wa kwanza, kisha kichwa kikaanza kukua, huenda kuna makovu yaliyoziba njia chini ya ubongo. Daktari huyaona kwa kamera ndani ya thieta na anaweza kubadili uamuzi palepale. Kwa hiyo usishangae ukiombwa kusaini idhini ya njia zote mbili. Na kama maji bado yana usaha au wadudu, mpira hauwekwi. Mtoto hupewa dawa za mshipa kwanza, na maji hupunguzwa kwa sindano kupitia utosi hadi yawe safi.

Sasa nyumbani. Nunua tepu ya fundi cherehani, utumie hiyohiyo siku zote. Ipitishe juu ya nyusi na kwenye kisogo kilipojitokeza zaidi, pima mara tatu, andika kipimo kikubwa kuliko vyote, mara moja kwa wiki. Kichwa cha mtoto wa miezi mitatu hadi sita hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kisha nusu sentimita hadi afikishe mwaka. Usitegemee kipungue baada ya upasuaji. Kinachotakiwa ni kupunguza mwendo. Kikiongezeka sentimita 1 kwa wiki moja, usisubiri tarehe ya kliniki. Utosi uguse akiwa ameketishwa na ametulia, kwani akilia au akilala hujaa hata kwa mtoto mzima. Ukiwa laini au umebonyea kidogo, vizuri. Ukiwa mgumu, macho yakielekea chini, akitapika mfululizo au akisinzia hadi kushindwa kunyonya, anza safari.

Mtego mkubwa ni malaria. Kutapika na kusinzia hupelekea kipimo cha haraka, na kwenu West Nile kinaweza kuwa chanya kweli, mtoto akatibiwa malaria huku kichwa kikijaa. Atibiwe malaria, ndiyo, lakini mwombe mhudumu aguse utosi na alinganishe vipimo vyako vya tepu. Ultrasaundi kupitia utosi inaweza kufanywa hata mbali na Mbale, ila haina maana kubwa bila picha ya mwanzo ya kulinganishia. Kwa hiyo omba nakala kabla ya kuruhusiwa, uipige picha kwa simu pia. Uchomaji wa sindano ya mgongoni usifanywe kabla ya ultrasaundi hiyo.

Vidonge: hapana. Asetazolamidi na furosemidi zilijaribiwa kwa vichanga waliovuja damu kwenye ubongo, nao wakatoka vibaya zaidi kuliko wasiopewa. Kuchanja utosi ndiyo usikubali kabisa, hata bibi akisisitiza. Kidonda hicho kiko juu ya mlango ambao kamera itapita.