Trauti alfajiri, besi alasiri

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuvua samaki wawili, trauti na besi wa mdomo mdogo, kwa inzi bandia (ndoano iliyovikwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu au kiumbe mdogo wa majini) katika safari moja ya mtoni. Inawezekana, ila panga kwa kufuata joto la maji, si kalenda tu. Beba kipimajoto.

Trauti anapenda maji ya nyuzi joto 10 hadi 18 za Selsiasi. Yakifika 20 mwache: oksijeni hupungua, na hata ukimrudisha majini anaweza kufa baadaye. Besi ndio kwanza anachangamka hapo. Kwa hiyo trauti mtafute mto wa juu, karibu na chemchemi, au chini ya bwawa linalotoa maji ya vilindini. Besi yuko chini zaidi, mto unapopanuka na kupata joto. (Kwenye bwawa ulizia kwanza ratiba ya kufungulia maji. Yakipanda hayana utani.) Mwanzo wa majira ya joto unafaa sana.

Ufito wa kuvulia namba 5 unamtosha trauti, besi namba 7 (namba ikipanda, ufito una nguvu zaidi). Ukibeba mmoja tu, chukua 6. Kwa trauti, inzi mdogo aelee na mkondo bila kuburutwa na mshipi. Besi ni kinyume: tupa inzi mnene wa kahawia, mfano wa kamba wa mtoni, ubavuni mwa jiwe, acha azame, vuta kidogo, tulia, vuta tena. Mara nyingi anadaka ukiwa umetulia, hivyo mshipi usilegee.

Vibali kagua mapema; misimu ya samaki hawa wawili si lazima ilingane.