Maswali ya Wasomaji: Kutafuta Hukumu ya Talaka katika Mahakama ya Kaunti, Marekani

SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Brooklyn Park, Minnesota. Ndoa yangu ya kwanza ilivunjwa na mahakama hapa hapa mwaka 2011, kisha nikaolewa na raia wa Marekani. Sasa ninaomba uraia kupitia ndoa hii ya pili, nami natakiwa kuonyesha kwamba ile ya kwanza ilikwisha kisheria. Karatasi nilizopewa zilipotea tulipohama nyumba, na wakili aliyenisimamia amefunga ofisi. Kuna mtu mtaani kwetu ameahidi kunitafutia kwa dola 300. Je, nimpe?
Msomaji, Brooklyn Park

JIBU: Usimpe, dada. Hati unayoitafuta ipo katika kumbukumbu za mahakama, wewe ni mhusika wa shauri lenyewe, na sheria ya Minnesota imekwisha kutaja bei yake: dola 14 kwa nakala iliyothibitishwa na dola 8 kwa nakala isiyothibitishwa, nayo ni ada ya hati nzima, haihesabiwi kwa kurasa. Wanaowatoza wageni mamia ya dola kwa kazi ya aina hii wanaishi kwa hofu yetu ya kusimama mbele ya dirisha la mahakama, na inaniuma kuona jinsi hofu hiyo inavyowagharimu watu wenye kipato kidogo.

Jambo la kwanza ni kujua jalada liko wapi. Marekani haina masjala moja ya taifa inayohifadhi talaka za watu wote. Jalada hubaki katika mahakama ya kaunti ambako shauri lilifunguliwa, hata kama ndoa ilifungwa Kisumu na wahusika wote wawili wamekwisha kuhamia majimbo mengine. Kumbuka basi mlikuwa mkiishi wapi wakati wa kuachana. Kama mlikuwa Brooklyn Park au Minneapolis, hiyo ni Kaunti ya Hennepin, na mashauri yake ya familia yanashughulikiwa katika jengo la Family Justice Center, 110 South Fourth Street, katikati ya Minneapolis. Kama mlikuwa St. Paul, uliza Kaunti ya Ramsey. Mahakama za jimbo zina pia mtandao wa kutafutia mashauri uitwao Minnesota Court Records Online, na katika majengo ya mahakama ziko kompyuta za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuketi na kuzitumia. Usishangae ukiona shauri lako kwenye simu lakini baadhi ya hati zake hazifunguki, kwa sababu kanuni za jimbo huruhusu baadhi ya hati zisomwe kwenye kompyuta za mahakamani tu.

Hapo kwenye kutafuta ndipo watu wetu wengi hukwama, na mara nyingi chanzo ni majina. Mfumo hutafuta kwa jina la mwisho kwanza. Mwanamke aliyeandikwa kwa majina matatu, lake, la babake na la babu, huenda karani alichukua la babu kuwa jina la ukoo, au alichukua la baba, au alitumia jina la mume kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye leseni ya udereva. Mohamed huandikwa pia Mohammed na Muhammad. Wanjiku huweza kubadilishwa herufi moja na kuwa Wanjiko. Jaribu kila sura ya jina lako, kisha utafute kwa jina la mume wa zamani, maana shauri ni moja na majina yenu yote mawili yamo ndani yake. Ukilipata, nakili namba yake kwa uangalifu. Namba ya shauri la Hennepin la mwaka 2011 huanza na 27-FA-11: 27 ni namba ya kaunti, FA ni alama ya mashauri ya familia, 11 ni mwaka lilipofunguliwa, kisha hufuata namba ya shauri lenyewe. Ukiwa nayo, karani hana haja ya kukuuliza mengi. Angalia pia kwamba huo ni mwaka wa kufungua shauri. Lililofunguliwa Novemba 2010 na kuamuliwa 2011 litabeba 10.

Jambo la pili ni kujua uombe nini. Ndani ya jalada mna maombi, viapo, barua za mawakili na amri za muda, na mtu akisema tu kwamba anataka karatasi za talaka anaweza kuondoka na karatasi isiyomfaa. Omba hati yenye kichwa cha Kiingereza "Judgment and Decree", yaani hukumu iliyovunja ndoa, na useme wazi kwamba unataka nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na saini ya ofisi ya mahakama. Kabla ya kuondoka dirishani, fungua kurasa zote uhakikishe kwamba saini ya hakimu imo na tarehe ya hukumu kusajiliwa inasomeka. Unaweza kuomba kwa kwenda mwenyewe au kwa barua. Mwenye kipato kidogo au anayepokea msaada wa serikali aulize habari za fomu ya kusamehewa ada.

Sheria ya Minnesota inaruhusu pia kutolewa cheti kifupi cha kuvunjwa kwa ndoa, chenye majina na tarehe bila habari za nyumba, madeni na watoto. Cheti hicho kinafaa pale ambapo hutaki mtu asome mambo ya ndani ya familia yako. Kwa uraia, hata hivyo, ningechukua hukumu nzima, hasa kama kuna watoto, kwa sababu afisa anaweza kuuliza kama unalipa matunzo uliyoamriwa, na jibu limo katika kurasa hizo.

Kuna jambo moja hukuliuliza lakini linakuhusu. Anayeomba uraia baada ya miaka mitatu kwa sababu ya ndoa na raia hutakiwa kuonyesha mwisho wa ndoa zake zote za awali pamoja na zile za mwenzi wake. Ikiwa mume wako wa sasa alioa kabla, tafuteni hukumu yake pia mapema, na huenda ikawa katika jimbo jingine ambako ofisi ina jina jingine: Texas utaambiwa uende kwa "District Clerk", Illinois kwa "Clerk of the Circuit Court". Siku ya mahojiano beba nakala zenye muhuri.

SWALI: Sisi tuko Mombasa. Dada yetu ameposwa na mtu aliyewahi kuoa Marekani, naye anasema waliachana mahakamani. Je, familia inaweza kuhakikisha jambo hili bila kumdhalilisha? Na je, msajili wa ndoa huku atakubali karatasi za huko?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Inategemea ni jimbo gani. Minnesota mashauri ya talaka kwa kawaida ni ya wazi, kwa hiyo anayelijua jina kamili la mposaji anaweza kutafuta akiwa Kisauni. New York mambo ni tofauti kabisa: talaka huamuliwa na mahakama ya jimbo iitwayo "Supreme Court", ambayo huko si mahakama ya juu kabisa, jalada hukaa kwa karani wa kaunti, na sheria inawafungia watu wengine yaliyomo, yakabaki kwa wahusika na mawakili wao. Huko hata mkilipa hamtapewa hukumu yenyewe wala karatasi nyingine za jalada. Wala msimhukumu mtu kwa sababu jina lake halikuonekana mtandaoni, kwa sababu hizo hizo nilizomweleza msomaji wa Brooklyn Park.

Kwa maoni yangu, njia yenye heshima ni wazee kumwambia mposaji mwenyewe alete nakala iliyothibitishwa. Mwenye hukumu yake haoni tabu kuileta, na ataihitaji vilevile kwa msajili, ambaye humtaka mtalaka aonyeshe uthibitisho kwamba ndoa ya kwanza imekwisha. Hapa huzuka mvutano wa mara kwa mara: ofisi za Kenya zimezoea kuona amri ya awali ya talaka ikifuatwa na amri kamili, kwa hiyo huuliza hiyo ya pili iko wapi. Minnesota haina hatua hizo mbili. Hukumu ikisajiliwa, ndoa imevunjika, ingawa haki ya kukata rufaa ipo. Karatasi ikionyesha tarehe hiyo waziwazi, au ikiambatana na cheti kifupi nilichokitaja, mazungumzo na msajili huwa mepesi. Mwambieni pia aulize mapema kama hati itahitaji kuthibitishwa na serikali ya jimbo kabla ya kuvuka bahari, kwa sababu hatua hiyo ni rahisi kwa aliye kule kuliko kwa aliye Mombasa.

SWALI: Mtoto wangu alizaliwa nje ya ndoa na mahakama ya Ramsey ilinipa malezi yake peke yangu. Nataka kumwombea pasipoti ya Marekani, lakini babake hapatikani. Jalada halionekani mtandaoni.
Msomaji, St. Paul

JIBU: Mashauri ya kuthibitisha ubaba yana ulinzi zaidi kuliko talaka. Minnesota huacha hukumu ya mwisho kuwa wazi na kufunga karatasi nyingine nyingi, na majalada ya kuasili mtoto yamefungwa kabisa. Wewe ni mhusika, kwa hiyo nenda mwenyewe na kitambulisho chenye picha, uombe nakala iliyothibitishwa ya amri ya malezi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 pasipoti huhitaji ridhaa ya wazazi wote wawili, isipokuwa katika hali maalum, kama vile pale mmoja anapoonyesha amri inayompa mamlaka ya kisheria peke yake. Soma amri yako kwa makini: mtoto kuishi kwako ni jambo moja, na mamlaka ya kuamua mambo yake ni jingine, nayo huandikwa katika vifungu tofauti. Ikiwa amri inawapa wote wawili mamlaka hayo, muulize karani fomu za kuomba irekebishwe kabla hujapeleka maombi ya pasipoti.