Rozari imegeuka ugomvi nyumbani kwangu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, bibi. Nina watoto watatu, mkubwa miaka 12, wa mwisho 5. Kila siku saa tatu usiku tunasali rozari nzima. Mdogo husinzia kwenye kochi, mkubwa anakimbiza Salamu Maria huku amenuna. Juzi alicheka katikati ya litania, nikamchapa kofi. Baba yao husema amechoka, anabaki kwenye taarifa ya habari. Nifanye nini wasije wakaiacha imani wakikua?
Mama wa watatu, Pasua, Moshi

JIBU: Milele amina, mwanangu. Anza na lile kofi. Mwite mkubwa, umwombe radhi. Mtoto akichapwa akiwa amepiga magoti, ni vigumu kupenda kupiga magoti tena.

Halafu rudisheni sala saa moja, kabla ya chakula, tena fumbo moja tu: Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Rozari nzima isalini Jumamosi, au usali mwenyewe wakishalala. Huyo wa miaka 5 mpe kazi ya kuhesabu punje. Mkubwa aongoze, na kabla ya kuanza kila mtu ataje anayemwombea, kwa jina. Hapo usipapite haraka.

Nasema hivyo kwa sababu ya baba yangu. Tulikaa Kibosho. Msimu wa kahawa alirudi jioni mikono imeingia weusi, akatandika gunia sakafuni na kupiga magoti. Jirani yetu alikuwa amesogeza masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na nyumbani hatukulitaja jina lake ila kwa hasira. Jioni moja baba akalitaja katika sala, akaomba mguu wa jirani huyo upone. Nilifumbua macho kumtazama. Alikuwa amefumba yake, kidole kimeshika punje, hakisogei. Nilikuwa na miaka tisa. Mafundisho ya Komunyo ya kwanza nimeyasahau mengi, jioni ile sijaisahau.

Ndiyo maana baba watoto simwachi. Siku ya ubatizo mshumaa wa mtoto uliwashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, mkakabidhiwa wazazi wote wawili pamoja na wasimamizi, mwanga ule muutunze. Usimgombeze mbele ya watoto. Mwombe dakika kumi tu, taarifa ya habari ikiwa bado. Kama amechoka, asali akiwa amekaa. Watoto wamwone amechoka na bado anasali.

Mkubwa mpeleke pia Utoto Mtakatifu, kama upo parokiani kwenu. Shirika hilo lilianzia Ufaransa mwaka 1843 kwa Askofu Charles de Forbin-Janson, watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka. Umri wake unataka wenzake, si mama peke yake.

Mishumaa ile ya ubatizo naamini iko kabatini, imefungwa gazetini. Itoe. Tafuta kwenye vyeti tarehe ya kila mtoto, na siku yake ikifika, baba ndiye awashe.